Yamamoto dola milioni 325, Sasaki milioni 6.5: hela ya mrushaji wa Kijapani Marekani inapangwaje?

Tangu Los Angeles Dodgers wabebe ubingwa wa MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, kule Toronto usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba 2025, jina la Yoshinobu Yamamoto, mrushaji wao wa Kijapani, linazunguka mpaka kwenye magrupu ya watu ambao besiboli hawajawahi kuitazama hata dakika kumi, na kila likitajwa mabishano ni yaleyale. Mmoja anasema jamaa kanunuliwa dola milioni 325. Mwingine anasema hapana hiyo ni hela yake mwenyewe. Anatokea wa tatu anauliza, sasa mbona Roki Sasaki, Mjapani mwenzake, timu hiyohiyo, mwenye mpira wa kasi ya kutisha, kapewa milioni 6 na nusu tu, kaibiwa au?

Hajaibiwa. Na Yamamoto naye hajanunuliwa kwa milioni 325. Ila kuelewa hiyo ishu inabidi ujue kwanza mrushaji wa Kijapani anatokaje nchini kwake, maana huko ndo hela yake inapoamuliwa kuliko hata kwenye uwezo wake wa kurusha, na nadhani wachambuzi wengi wanairuka hiyo sehemu kwa sababu haina video.

Mchezo wenyewe kwa kifupi kabisa. Mrushaji ni yule anayesimama katikati ya uwanja juu ya kichuguu kidogo cha udongo, anamrushia mpira mpigaji mwenye rungu. Kazi yake ni kuhakikisha huyo wa rungu anaukosa, au akiupata basi aupate vibaya. Mpigaji akiupata vizuri anakimbia kuzunguka vituo vinne, akimaliza mzunguko timu yake inapata pointi. Mechi ina zamu 9, ikiwa sare zinaongezwa, na kila zamu timu inapiga mpaka watu wake watatu watolewe. Mrushaji anayeanza mechi mara nyingi haimalizi, mkono unachoka, akifika mipira 90 au 100 hivi kocha anamtoa na anapumzika siku kadhaa. Japani anayeanza anarusha mara moja kwa wiki, Marekani ratiba imebana zaidi, siku 4 au 5 za kupumzika halafu tena kazini.

Ukishajua hilo la kupumzika ndo utaelewa kwa nini watu walipagawa na Yamamoto. Ijumaa tarehe 31 Oktoba alianza mechi ya 6 ya fainali, ambayo anayewahi kushinda mechi 4 ndo bingwa, akarusha mipira 96 ndani ya zamu 6, Dodgers wakashinda 3-1 na fainali ikawa sare ya mechi 3 kwa 3. Mtu wa hivyo kesho yake kwa kawaida hata mpira haushiki. Kesho yake mechi ya 7, zamu ya 9, matokeo 4-4, Toronto wana watu wawili vituoni na wanahitaji pointi moja tu wachukue kombe, anaingia nani, yeye. Mpigaji wa kwanza, Alejandro Kirk, akampiga na mpira mwilini, na sheria inasema ukimgonga mpigaji anapewa kituo bure, kwa hiyo vituo vyote vikajaa, hapo Toronto hata mpira wa kubahatisha ungewatosha. Akatoka humo salama. Zamu ya 10 akaimaliza bila mtu kufika kituo, zamu ya 11 Will Smith wa Dodgers akaupiga mpira ukavuka uzio ikawa 5-4, Yamamoto akarudi kuimalizia mpaka Kirk yuleyule alipoupiga ukaburuzika chini wakatolewa wawili kwa mpigo, mchezo kwisha. Mipira 34 usiku ule juu ya 96 ya jana yake. Mechi 3 za fainali zimeandikwa ushindi wake, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali akabeba yeye.

Huyu jamaa alizaliwa 1998 Bizen, mkoa wa Okayama. Siyo mtu mkubwa, urefu kama sentimita 178, kwa warushaji wa Marekani huyo ni mfupi. Shule ya sekondari hakufika Koshien, yale mashindano ya shule ambayo Japani nzima inasimama kuyatazama na ambayo ndo yanatengeneza mastaa wa baadaye, na kwenye uchaguzi wa vijana wa 2016 Orix Buffaloes walimchukua raundi ya 4, yaani raundi tatu nzima timu zilimpita zikachagua wengine. Mazoezi yake watu waliyacheka, hanyanyui vyuma vizito kama wenzake, anarusha vimkuki vyepesi na kufanya mambo ya kunyoosha mwili na pumzi. Halafu 2021, 2022 na 2023 akabeba tuzo ya Sawamura, ile ya mrushaji bora wa Japani, mitatu mfululizo, na hiyohiyo miaka mitatu akawa mchezaji bora wa Pacific, moja ya pande mbili za ligi ya Japani.

Sasa tuje kwenye kamba iliyomfunga. Ligi ya kulipwa ya Japani ina timu 12 na nyingi zinabeba jina la kampuni inayozimiliki, Orix ni kampuni ya mambo ya fedha, Lotte wanatengeneza pipi na chokoleti, SoftBank ni watu wa simu, Nippon-Ham ni watu wa nyama. Kijana akishachaguliwa na timu hana ujanja wa kusema mimi nataka kwingine, na akishasaini ni mali ya hiyo timu mpaka atimize misimu 9 ya kikosi cha kwanza ndo anakuwa huru kwenda nje ya nchi. Piga hesabu, mtu ameanza na miaka 18, kikosi cha kwanza akakipata na 20, akiumia msimu mmoja haukamiliki, anajikuta anakaribia 30 au kaipita. Kwa mrushaji umri huo mkono umeshaliwa sana.

Kwa hiyo swali la warushaji wote wazuri wa Japani miaka yote limekuwa hilihili, natokaje kabla ya miaka 9?

Wa kwanza kucheza Marekani hakuwa hata na mpango. Masanori Murakami, miaka 20, timu yake ya Nankai Hawks ilimpeleka 1964 na wenzake wawili kwenye timu ya chini ya San Francisco Giants wakajifunze. Akawa mzuri kuliko walivyotegemea, tarehe 1 Septemba 1964 akapandishwa timu kubwa, akaingia New York kama Mjapani wa kwanza kabisa kwenye MLB. Giants wakasema huyu habanduki, mkataba unaturuhusu kumbakisha kwa dola 10,000. Nankai wakasema hapana tulimwazima tu. Ugomvi ukafika mpaka kwa wakuu wa ligi zote mbili, mwisho akacheza 1965 halafu akarudishwa Japani, na baadaye pande mbili zikaandikiana makubaliano ya kuheshimiana wachezaji. Ukawa ukimya. Miaka 30 hakuna Mjapani mwingine aliyekanyaga MLB, siyo kwamba hawakuwepo wenye uwezo, mlango ulifungwa kwa makaratasi.

Aliyeuvunja ni Hideo Nomo. Na mimi huyu namheshimu kuliko wote maana hakupewa ruhusa na mtu. Alikuwa staa wa Kintetsu Buffaloes, ana staili ya kugeuza mgongo wote kwa mpigaji kabla ya kurusha wakaiita Tornado, na mwisho wa 1994 hakuwa anaelewana na timu yake, alitaka mkataba wa miaka mingi, timu haitaki. Wakala wake Don Nomura akakaa chini na vitabu vya sheria akakuta kitu. Kanuni ya Japani ilisema mchezaji akistaafu kwa hiari yake, siku akitaka kurudi kucheza Japani lazima arudi timu yake ya zamani. Japani. Nje ya Japani haikusema kitu! Nomo ana miaka 26 akatangaza anastaafu, Kintetsu wakamwachia, Februari 1995 akasaini Dodgers na dola milioni 2 za kusaini. Nyumbani walimsema vibaya sana, wakamwona mtu asiye na shukrani. Mei akaanza mechi, mwaka huohuo akawatoa wapigaji 236 kwa kuwakosesha, akaanza kama mrushaji wa National, moja ya pande mbili za MLB, kwenye mechi ya mastaa, akabeba tuzo ya mchezaji mpya bora, na Japani walewale waliomsema wakawa wanaamka alfajiri kumtazama kwenye skrini za barabarani.

Baada ya Nomo klabu za Japani zikaona hapa tutaachwa mikono mitupu. Tundu likazibwa, na 1998 ukaja mfumo wa posti ambao ndo unaendelea mpaka leo ila umebadilishwa badilishwa. Kwa lugha rahisi: timu ya Japani, IKITAKA, inamtangaza mchezaji wake kabla miaka 9 haijaisha, klabu za Marekani zinaongea naye, akikubaliana na mojawapo basi hiyo klabu inailipa timu ya Japani hela ya kumwachia. Nimeandika ikitaka kwa herufi kubwa makusudi. Mchezaji anaomba tu, anayeamua ni timu.

Mwanzoni ilikuwa ni zabuni ya siri. Kila klabu ya Marekani inaandika kiasi, mwenye kiasi kikubwa ndo anapata haki ya kuongea na mchezaji peke yake, wengine wote nje. Mwaka 2006 Boston Red Sox waliweka dola 51,111,111.11 kwa ajili ya Daisuke Matsuzaka, hela hiyo ikaenda kwa timu yake ya Seibu Lions, halafu yeye mwenyewe akapewa milioni 52 kwa miaka 6. Ona hapo, klabu ya nyumbani na mchezaji wamepata karibia sawa! Yu Darvish 2012 ilikuwa hivohivo, Texas Rangers walilipa Nippon-Ham kama milioni 51.7, yeye akasaini milioni 60 kwa miaka 6. Mchezaji alikuwa anaongea na klabu moja tu kwa hiyo hana pa kukimbilia, akikataa anarudi Japani. Hisashi Iwakuma yalimkuta, Oakland walishinda zabuni yake 2010, wakashindwana, akarudi Rakuten mwaka mzima ndo akaja kutoka kama mchezaji huru kwenda Seattle.

Desemba 2013 wakabadilisha, hela ya kumwachia ikawekewa kikomo cha milioni 20 na klabu yoyote iliyo tayari kuilipa inaruhusiwa kuongea na mchezaji. Angalia kilichotokea palepale, Masahiro Tanaka, aliyetoka kumaliza msimu wa Japani kashinda mechi 24 na kupoteza 0, akapata milioni 155 kutoka New York Yankees kwa miaka 7. Sidhani kama Tanaka alikuwa bora mara tatu kuliko Darvish. Ni mlango tu ulibadilika.

Mfumo wa sasa ulianza 2018 nao unaenda kwa asilimia, kama bili ya maji inavyokatwa kwa madaraja ila huku asilimia inashuka kadiri hela inavyopanda. Mkataba wa mchezaji, milioni 25 za kwanza, klabu ya Japani inapata asilimia 20. Milioni 25 zinazofuata, asilimia 17.5. Kinachozidi milioni 50 chote, asilimia 15. Chukua Yamamoto aliyesaini Desemba 2023, miaka 12, milioni 325. Asilimia 20 ya 25 ni milioni 5. Asilimia 17.5 ya 25 ni milioni 4.375. Zinabaki 275, asilimia 15 yake milioni 41.25. Jumlisha unapata dola milioni 50.625, hiyo ndo iliyoenda Orix.

Na hapa ndo watu wa soka wanapotea. Sisi tumezoea kusikia mchezaji kauzwa milioni 100 tunajua hiyo imeenda klabu, mshahara ni habari nyingine. Huku ile namba kubwa inayotangazwa ni ya mchezaji, ya klabu ndo ndogo na haitangazwi kwa kelele. Halafu ile milioni 50 haikatwi kwenye 325 za Yamamoto, Dodgers wanaitoa juu yake, kwa hiyo jumla imewagharimu kama milioni 375 kwa mtu ambaye siku anasaini hajarusha mpira hata mmoja kwenye MLB. Na bado ukawa mkataba mkubwa kuliko wa mrushaji yeyote wa kurusha tu kabla yake, ulimpita Gerrit Cole wa Yankees kwa milioni 1, nahisi hiyo moja iliwekwa makusudi lakini hayo ni yangu.

Haya, Sasaki. Huyu alizaliwa Novemba 2001 Rikuzentakata, mji uliosombwa na tsunami ya Machi 2011, akampoteza baba yake na babu na bibi. Akiwa na Chiba Lotte Marines, tarehe 10 Aprili 2022 alirusha mechi kamilifu, wapigaji 27 wakaja na 27 wakarudi bila yeyote kufika kituo, 19 kati yao kwa kukoseshwa, wahanga wakiwa Orix. Mpira wake ulishafika kilomita 165 kwa saa. Kipaji hakuna anayebisha.

Tatizo ni tarehe ya kuzaliwa. Makubaliano ya MLB yanasema mchezaji wa nje ambaye hajafika miaka 25, au hajatimiza misimu 6 kwenye ligi ya kulipwa, anahesabiwa sawa na vijana wadogo wa kimataifa wanaosajiliwa akademi, wale wa miaka 16 wa Jamhuri ya Dominika na Venezuela. Na kwa hao kila klabu ina kibakuli cha hela chenye kikomo, huwezi kuzidisha hata uwe tajiri vipi. Yamamoto alipotangazwa alikuwa ametimiza 25 miezi mitatu nyuma. Sasaki alikuwa na 23. Kwa hiyo Januari 2025 alisaini Dodgers kwa milioni 6.5, na mshahara wa mwaka kiwango cha chini cha ligi ambacho 2025 kilikuwa dola 760,000. Kwa mikataba ya aina hii klabu ya Japani inapata asilimia 25 ya hela ya kusaini, Lotte wakaambulia milioni 1.625. Linganisha na 50.625 za Orix.

Kwa hiyo kama kuna aliyepoteza pale ni Lotte, na walikuwa na haki kabisa ya kumwambia kaa miaka miwili tukuuze vizuri. Sasaki mwenyewe alijua anachokiacha mezani. Shohei Ohtani, Mjapani anayerusha na kupiga pia, alifanya hivohivo Desemba 2017, ana miaka 23, akachukua milioni 2.315 za Angels, na sote tunajua miaka sita baadaye alisaini milioni 700. Ni kamari, ukiwahi kwenda unaanza kuhesabu mapema ile miaka 6 ya kucheza MLB ambayo lazima uimalize ndo uwe huru kuchagua klabu, ila ukiumia katikati hakuna wa kukurudishia.

Upande wa pili kuna Kodai Senga. Timu yake SoftBank Hawks wana msimamo kwamba hawamposti mtu, kwisha. Aliomba, wakakataa, akaomba tena, wakakataa. Ikabidi amalize miaka yake yote, akaenda New York Mets mwisho wa 2022 akiwa anakaribia 30, milioni 75 kwa miaka 5, na SoftBank hawakupata hata senti moja maana alishakuwa huru. Wao wanaona bora hivo kuliko kumwachia mapema. Ndo maana siwaelewi wanaosema Mjapani akikaa sana nyumbani ni muoga, wengine hawana funguo.

Lile la "ligi ya Japani nyepesi ndo maana wanang'aa" nalo linachosha. Japani walichukua kombe la dunia la besiboli 2023 kwa kuwafunga Marekani 3-2 fainali kule Miami. Kinachosumbua warushaji wakihamia ni vitu vidogo, mpira wa Marekani mkubwa kidogo na unateleza zaidi mkononi, msimu mechi 162 badala ya 143, safari ndefu, mapumziko mafupi. Yamamoto mechi yake ya kwanza, Machi 2024 kule Seoul, alidumu zamu moja akafungwa pointi 5, watu wakaanza kuhesabu hela ya Dodgers inavyozama. Juni bega likagoma akakaa nje mpaka Septemba. Msimu uliofuata ndo huo tulioona, ushindi 12, wapigaji 201 kuwakosesha.

Bega lilipona, ila kinachoogopwa zaidi kwa mrushaji ni kiwiko. Kamba ya ndani ya kiwiko ikichanika inabidi daktari achukue kano sehemu nyingine ya mwili aipandikize pale, operesheni iliyoanza 1974 kwa mrushaji Tommy John na bado inaitwa kwa jina lake. Matsuzaka alifanyiwa 2011, Darvish 2015, Ohtani 2018. Dodgers wanalijua hilo vizuri kwa hiyo mkataba wa Yamamoto umeandikwa kwa jicho la kiwiko: anaruhusiwa kuuvunja mwenyewe na kutafuta hela mpya baada ya msimu wa 2029 au 2031, lakini kiwiko kikimweka nje muda mrefu kabla ya hapo, hizo ruhusa zinasogezwa mbele. Na kama akiuvunja akasaini mkubwa zaidi kwingine, Orix hawadai chochote, huku hakuna ile asilimia ya mauzo ya baadaye tuliyoizoea kwenye soka, chao walishachukua.